Suka, Wapo Mbele

Kama unanisikiliza ukiwa ndani ya gari, redio iache hapo ilipo ila mguu ulegeze kidogo, maana leo nawazungumzia ninyi.

Toka Shinyanga mjini, shika barabara ya Mwanza. Nyumba za mjini zikianza kuachana unaingia Ibadakuli, kata yenye uwanja wa ndege na kituo kikubwa cha kupozea umeme. Mbele kuna Kolandoto, halafu Maganzo kwa watu wa almasi. Nchi hii ni tambarare, lami imenyooka, unaona gari linalokuja likiwa bado nukta. Barabara ya namna hii inamshawishi mtu. Hata Probox iliyochoka inajiona mpya. Mshale unagusa tisini, unagusa mia, unakwenda mia na kumi. Mara lori linalotoka upande wa Maganzo, jua likiwa la saa saba mchana, linakuwashia taa mara mbili na kuzima.

Hakuna shule ya udereva inayofundisha ishara hiyo, na hakuna dereva asiyeijua. Mguu unatoka kwenye mafuta wenyewe. Abiria wa kiti cha mbele, aliyekuwa anasinzia tangu Tinde, anafungua jicho moja: "Suka, wapo mbele." Konda anaingiza kichwa ndani. Mama aliyebeba kuku anauvuta mkanda, haufungi, anaushikilia tu kwa mkono uonekane umekaa mahali pake. Mnapita. Na kweli, chini ya mwarobaini kuna afande na sare yake nyeupe, tochi ya kupimia mwendo mkononi. Mshale uko arobaini na nane. Dereva anapunga mkono, na afande naye anapunga, kila mmoja anajua mwenzake anajua. Mita mia tatu mbele mshale umerudi tisini na mama ameuachia mkanda.

Mazungumzo ya leo yako katika hizo mita mia tatu.

Kuna swali linazunguka vijiweni na kwenye makundi ya WhatsApp ya madereva: kile kifaa cha kunasa rada kinachouzwa mtandaoni, kidude cha kubandika kwenye kioo kinacholia kabla hujamfikia trafiki, kinafanya kazi huku kwetu? Nianze na hilo, maana najua kuna mtu ameshaongeza sauti.

Mwaka 1842 mwanafizikia mmoja wa Austria, Christian Doppler, alieleza kanuni ambayo kila aliyekulia karibu na reli ya Shinyanga ameisikia kwa masikio yake bila kuipa jina. Treni ikiwa inakuja, honi yake ni nyembamba. Ikishakupita, inakuwa nzito. Honi ni ileile, ila mwendo wa treni umeyabana mawimbi ya sauti ilipokuwa inakuja na kuyanyoosha ilipokuwa inaondoka. Rada ya barabarani inafanya kazi kwa kanuni hiyo. Inatuma mawimbi ya redio, yanagonga gari, yanarudi yakiwa yamebadilika, na kiasi cha badiliko kinasema gari lilikuwa linakwenda kasi gani. Polisi wa jimbo la Connecticut, Marekani, walianza kuitumia barabarani mwishoni mwa miaka ya 1940.

Udhaifu wa mawimbi hayo ni kwamba yanatawanyika. Afande akimpima aliye mbele yako, mengine yanavuka hadi kwako wewe ambaye bado hujapimwa. Kidude kinayanusa, kinalia, unapunguza mwendo. Marekani ilipoweka kikomo cha maili 55 kwa saa nchi nzima mwaka 1974, baada ya mafuta kuadimika duniani, vidude hivyo vilipata soko kubwa ajabu. Jimbo la Virginia limevipiga marufuku hadi leo. Ufaransa ilikwenda mbali zaidi mwaka 2012, ikakataza hata vifaa vinavyomwonyesha dereva mahali kamera za mwendo zilipo.

Ila hayo ni ya rada. Tochi za siku hizi, hizi zinazopima mwendo na kupiga picha kwa pamoja, zinatumia leza. Mwali wa leza ni mwembamba. Ukiwa umbali wa mita 300, upana wake ni kama mita moja tu. Afande anaulenga kwenye kibao chako cha namba, na kipimo kinakamilika chini ya nusu sekunde. Hakuna mabaki ya kutawanyika yakutangulie kukuonya. Kidude chako kikilia, kinalia kwa sababu mwali umeshakugonga wewe. Umeshapigwa tochi, picha ipo, namba ya gari ipo, mwendo upo, saa na tarehe vipo, na pengine picha imeshatumwa kwa simu kwa mwenzake aliyekaa kilomita mbili mbele akikusubiri kwa utulivu. Aliyetoa pesa yake kununua kidude hicho amejinunulia mpiga mbiu wa msiba wake mwenyewe.

Kwa hiyo, ndugu yangu unayeuliza, lori la Maganzo linakishinda kifaa cha dukani. Na halikutozi kitu.

Wala tusidhani sisi ndio tuliovumbua kuonyana. Mwaka 1905 huko Uingereza wenye magari walianzisha chama chao, Automobile Association. Siku hizo polisi walikuwa wanajificha vichakani na saa mkononi, wakipima muda gari linaotumia kutoka alama moja hadi nyingine. Chama kikaajiri vijana wa baiskeli kuzunguka barabarani na kuwaonya wanachama kwamba polisi wapo. Kesi ikafika mahakamani, na mwaka 1910 ikaamuliwa kwamba kumwonya dereva anayevunja sheria ni kumzuia polisi asifanye kazi yake. Wale jamaa hawakubishana na hakimu. Waligeuza ishara. Kijana wa baiskeli akawa anampigia saluti kila mwanachama anayepita. Ukimwona hajapiga saluti, simama umuulize kulikoni. Mahakama gani itamhukumu mtu kwa kosa la kutosalimia? Saluti hiyo ikaendelea mpaka miaka ya 1960, na chama chenyewe leo ni kampuni, miongoni mwa zile kubwa za kukwamua magari kule. Nawaza tu, siku wakikataza kuwashiana taa hapa kwetu, madereva wa Isaka watawasha taa kwa kila mtu mchana kutwa, na atakayepita kimya ndiye atakayekuwa ametoa taarifa.

Mimi sina ugomvi na taa. Niliseme hilo mapema, maana wapo wanaoona kumwashia mwenzako taa ni kuficha mhalifu. Tazama kinachotokea: afande mmoja yuko chini ya mti mmoja, lakini magari yameanza kupunguza mwendo kilomita moja kabla yake, pande zote mbili. Lori lile limemfanyia kazi bure. Kama kilichotakiwa pale Ibadakuli ni magari kupita taratibu, basi yamepita taratibu. Kama kilichotakiwa ni kuandika watu faini, hapo ndipo taa inakuwa adui. Sasa kila upande ujiulize ulikuwa unataka nini.

Kasoro ya taa naiona kwingine. Imetufundisha kumwogopa mtu na kusahau mahali. Kibao cha 50 hakikuwekwa kwa sababu afande anapenda kivuli cha mwarobaini ule. Kimewekwa kwa sababu hapo watu wanaishi. Sheria yetu ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inasema hamsini kwenye makazi, na themanini kwa mabasi na magari yenye uzito unaozidi kilo 3,500. Kila kosa lina faini yake, unapewa karatasi yenye namba ya malipo, na ukichelewa kulipa deni linapanda. Hayo kila dereva anayajua. Asichokipigia hesabu ni kile anachokipata kwa kuvunja.

Tupige pamoja. Chukua eneo la makazi lenye urefu wa kilomita mbili, vijiji vingi vya barabara hii vina kiasi hicho. Kwa mwendo wa 50 unalivuka kwa dakika mbili na sekunde 24. Kwa 80 unalivuka kwa dakika moja na nusu. Umeokoa sekunde 54. Sijui kwa sekunde hizo utafanya nini Mwanza. Hata chai ya stendi haipoi kwa muda huo.

Upande wa pili wa hesabu nataka nikae nao kidogo. Chukua dereva makini, breki nzima, lami kavu. Kati ya jicho kuona na mguu kukanyaga breki inapita kama sekunde moja, hata kwa aliyelala vizuri. Kwa mwendo wa 50, sekunde hiyo inakula mita 14, na breki zenyewe zinakula nyingine 14. Ndani ya mita 28 gari limesimama. Mtoto aliyeingia barabarani mita 29 mbele yako anashtuka, anaacha ndala moja kwenye lami, anakimbilia kwao. Jioni pengine anachapwa. Basi, yameisha.

Rudia kila kitu, dereva yuleyule, breki zilezile, mtoto yuleyule, ila mshale uko 80. Sekunde ile ya kwanza imekula mita 22 kabla breki haijaguswa. Zimebaki saba. Katika mita saba breki zinafanya nini? Karibu hakuna. Gari linamfikia mtoto likiwa bado linakwenda zaidi ya kilomita 70 kwa saa. Watu tunadhani tofauti ya hamsini na themanini ni thelathini. Nguvu ya kugonga haihesabiwi hivyo: mwendo unajizidisha wenyewe, na gari la 80 linabeba nguvu zaidi ya mara mbili na nusu ya lile la 50.

Na hapa kwetu si mtoto peke yake. Jioni ng'ombe wanarudi nyumbani, na ng'ombe wa Usukumani hana haraka na hana habari na kibao chako cha namba. Wapo wa baiskeli. Mkoa huu ndio uliokuwa unasifika kwa daladala za baiskeli kabla bodaboda hazijazichukulia abiria, na mpaka leo baiskeli yenye magunia mawili ya mkaa inayumba pembeni ya lami ileile unayoitumia wewe. Mwenye baiskeli hana mtu wa kumwashia taa.

Wengine mtaniambia: lakini mzee, huko nje sasa simu ndiyo inayokwambia. Ni kweli. Programu za ramani zinamwonyesha dereva wa Ulaya au Marekani mahali polisi alipo, kwa sababu dereva aliyetangulia amebonyeza kuwataarifu wenzake. Februari 2019 polisi wa New York waliiandikia Google wakitaka programu ya Waze iache kuonyesha vituo vyao vya kukagua walevi. Ni taa za lori zilezile, zimehamia kwenye kioo cha simu. Huku kwetu kazi hiyo inafanywa na sauti za WhatsApp: "Wanangu, Kolandoto wamekaa, Maganzo peupe." Mwenye kusikiliza sauti hiyo ameshika simu kwa mkono mmoja akiwa mwendo wa mia. Hapo tochi ni tatizo la pili.

Nigeukie wenzetu wa ukanda wa dhahabu, kwa sababu huko kuna jambo tunaliona kila siku na hatulijadili. Tazama gari la mgodi mkubwa, Land Cruiser yenye bendera kwenye mlingoti mrefu, likitoka upande wa Bulyanhulu au Geita. Linakwenda mwendo wake. Michomoko ya kubeba abiria inalipita, Hiace inalipita, bodaboda ikiwa na ujasiri inalipita. Tunawacheka wale madereva. Dereva yule hatazami vichakani, na ukimwashia taa anakushukuru kwa adabu tu, haimhusu. Ndani ya gari lake kuna kisanduku kinachoandika kila alipozidi, kila alipofunga breki kwa ghafla, na ofisini kuna mtu anayesoma. Akizidi Kakola anaulizwa, akizidi Ushirombo anaulizwa, trafiki awepo asiwepo. Akimaliza zamu na kupanda gari lake mwenyewe kwenda harusini, wengi wenu mnajua anavyoendesha. Tabia haikubadilika, kilichobadilika ni kwamba barabara yote ina macho.

Mabasi nayo yamefungiwa kitu cha aina hiyo. Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, ina mfumo wa kufuatilia mwenendo wa mabasi ya masafa marefu, VTS. Dereva akizidisha mwendo, kifaa kinalia ndani ya basi, abiria wote wanasikia. Kuna watu huko Marekani walilipa fedha kununua kidude kinacholia polisi akiwa karibu. Sisi tumefungiwa kinacholia tukikosea, na baadhi yetu hatukipendi hata kidogo. Nimesikia abiria, tena mwenye watoto wawili mapajani, akimwambia konda: "Hebu zimeni hilo likelele, tunachelewa." LATRA imewahi kusitisha huduma za mabasi yaliyokutwa yamechezewa vifaa hivyo. Jiulize fundi aliyekichezea alilipwa na nani, na aliyelipa alisukumwa na nani. Mnyororo huo ukiufuata vizuri utafika mpaka kwa aliyekata tiketi na kuuliza basi gani linawahi.

Wakenya walitutangulia katika njia hii. Februari 2004 ilianza kutumika amri ya waziri wao wa uchukuzi, John Michuki, kwamba kila matatu iwe na mikanda na kidhibiti mwendo kisichoruhusu kuvuka kilomita 80 kwa saa. Nchi ilisimama, watu wakatembea kwa miguu Nairobi nzima kwa sababu matatu ambazo hazijafunga zilibaki nyumbani. Mwanzoni zikatulia kwelikweli. Baadaye mafundi wa mitaani wakajifunza kuvizima vile vidhibiti, na jina la Michuki likabaki kama kumbukumbu ya kipindi ambacho matatu zilikuwa na adabu. Mimi nachukua fundisho moja tu hapo: kifaa kinachokaa kimya ndani ya gari, kisichosomwa na mtu, kinaishia mikononi mwa fundi. Kile cha mgodini kinafanya kazi kwa sababu kuna anayekisoma asubuhi.

Sasa niseme na wa sare nyeupe. Maafande, shikamooni wakubwa, na wadogo hamjambo. Nasema hivyo makusudi, maana nimewaona madereva wa miaka hamsini na kitu wakimwamkia shikamoo kijana wa miaka ishirini na tano kwa sababu ameshika tochi, na kijana anaitikia marahaba bila aibu. Kazi yenu ni ngumu, jua la Shinyanga halina huruma, na ninyi ndio mnaookota tunachokiacha barabarani tukishakosea. Lakini kuna mambo madereva wanayasema na wana haki.

La kwanza ni vibao. Vibao vya barabarani vinaibwa. Vinang'olewa usiku, vinaishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Wakala ya Barabara wanavirudisha, vinaondoka tena. Mgeni anayepita Ibadakuli kwa mara ya kwanza, kibao cha kuingilia hakipo, nyumba zimeachana, pembeni ni mashamba, yeye ajue vipi kwamba yuko kwenye hamsini? Wenyeji mnajua. Trafiki anajua. Yeye anajua akishaona picha yake. Na wapo maafande wanaokaa hatua chache kabla ya kibao cha kumaliza hamsini, pale ambapo nyumba zimekwisha na dereva ameshaona mbele kweupe. Hapo faini mtapata nyingi. Mtoto wa kumlinda hapo hayupo. Mtoto yuko kilomita moja nyuma, kwenye kivuko cha shule, ambako hakuna tochi.

La pili ni magari makubwa ya wakubwa. Dereva wa daladala anasimamishwa kwa 56, na wakati anaandikiwa linapita shangingi la serikali likiwa na mwendo ambao tochi yenyewe ingeshtuka. Halisimamishwi. Abiria wote ndani ya daladala wameona. Jioni watasimulia nyumbani, na kile kibao cha 50 kitakuwa kimepungua thamani kwa watu kumi na wanane kwa mpigo.

La tatu mnalijua, leseni inayotolewa ikiwa imekunjiwa noti ndani. Sitalirefusha. Niseme tu kwamba anayetoa noti hiyo haondoki akiwa amejifunza kupunguza mwendo. Ameondoka akiwa amejua bei.

Mkiniuliza mimi, tochi ikae peupe. Iwekwe shuleni, sokoni, kwenye kivuko cha ng'ombe, na mbele yake kuwe na kibao kikubwa kinachosema tochi iko hapa. Nchi nyingine zinafanya hivyo kwa kamera zao na hazioni aibu. Dereva akipunguza kwa sababu ameonywa, amepunguza. Na kwa sehemu ndefu zilizonyooka, apimwe kwa muda: umepita hapa saa ngapi, umefika pale saa ngapi, gawanya. Hesabu ya namna hiyo huwezi kuikimbia kwa kuwashiwa taa, wala kwa mita mia tatu za unafiki.

Na tusiibebeshe tochi mzigo wote. Agosti 2022, usiku, kule Mwakata wilayani Kahama, ajali iliyohusisha lori, Hiace, gari dogo na trekta iliua watu takriban 20. Jina la Mwakata watu wa mkoa huu hawajalisahau. Trekta barabarani usiku, gari dogo linalokimbia safari ndefu, Hiace iliyojaa. Hapo hata uweke tochi kumi mchana wake, usiku zimeshalala. Tangu Oktoba 2023 mabasi yameruhusiwa tena kusafiri usiku kucha. Ni jambo jema kwa mabasi, kwa sababu zamani dereva wa basi la Mwanza alikuwa anakimbizana na saa ya kuzuiwa njiani, na abiria wanamshangilia. Lakini lina maana kwamba sehemu kubwa ya mwendo sasa iko saa ambazo hakuna mti wenye afande chini yake.

Niongeze neno kwa wanaodai wanakimbia kwa ajili ya kazi, watu wa Geita hasa. Daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa Juni 2025. Wale mliokuwa mnakaa foleni ya kivuko, saa nzima na zaidi siku mbaya, mnavuka kwa dakika chache. Muda huo mmepewa bila kumpita mtu yeyote kwenye kona. Sasa mbona bado mnatoka upande wa pili mkiwa mnakimbia kana kwamba kivuko kinaondoka?

Muda wangu unakwisha, fundi mitambo ananionyesha vidole viwili. Nina ombi. Kuanzia Tinde hadi Maganzo, na wa Kahama mpaka Kakola, nitumieni ujumbe mfupi: taja kijiji, sema kibao cha 50 kipo au hakipo, na kama kimeng'olewa sema tangu lini. Taja na kivuko cha shule kilicho karibu. Msinitajie mahali maafande walipokaa, taarifa hiyo mnayo tayari. Orodha nitaisoma hapa Alhamisi ijayo, kijiji kwa kijiji, na nitaipeleka ofisi ya Wakala ya Barabara ya mkoa na kwa mkuu wa trafiki, nakala zilezile mbili. Ibadakuli nawaanzishia mimi: nataka kujua kibao cha upande wa kutokea mjini, kile cha kushoto, bado kimesimama?

Taarifa ya habari inafuata.